Tulifuata kanga, akatoka kakakuona

Hii stori sijawahi kuiandika mahali popote na sababu yake nitaisema huko mbele. Ila wiki mbili zilizopita nilikuwa Pangani kumjulia hali mjomba, tukakaa barazani baada ya magharibi, umeme umekatika, kila mtu na kipepeo chake mkononi, akanyamaza kidogo halafu akaniuliza, "Mpwa, yule bwana wa magamba bado unamkumbuka?" Nikamwambia mjomba, yule nitamkumbuka mpaka naingia kaburini. Akasema, "Basi andika. Usiseme ni wapi, lakini andika, watoto wasome."

Haya, naandika.

Mimi ni mtoto wa Tanga mjini, Makorora, lakini likizo za shule zote nilikuwa napelekwa kwa mjomba, kaka yake mama, ng'ambo ya mto Pangani. Enzi hizo unashuka kwenye basi pale Pangani mjini unasubiri pantoni likuvushe mpaka Bweni, maji ya mto rangi ya chai ya maziwa, ukishavuka ukatembea kidogo tu unaanza kukutana na mkonge. Wengi hawajui kwamba mkonge wa nchi hii ulianzia upande ule. Mwaka 1893 yule Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, njiani mingi ikafa, iliyosalimika ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo hiyo hiyo ya mto. Ile 62 ndio iliyozaa mashamba yote ya mkonge tuliyokulia sisi watu wa Tanga, ukienda Muheza mkonge, ukienda Korogwe mkonge. Halafu zikaja kamba za nailoni, bei ya mkonge ikaanguka, mashamba mengi yakaachwa. Sasa mkonge ukiuacha haufi, unatoa mlingoti mrefu, mlingoti unadondosha miche chini, miche inaota ovyo popote, katikati yake inaingia michongoma na mikwaju na nyasi za kimo cha mtu, baada ya miaka 10 lile sio shamba tena, ni pori ambalo binadamu hawezi kupita bila kuchanika. Lakini nguruwe pori anapita. Tena anapita kama anapita sebuleni kwake.

Na hapo ndipo uwindaji wa mjomba ulipoanzia, sio kwa nyama. Mjomba ni Mzigua, Mwislamu wa swala tano, nguruwe hamli wala hamgusi, lakini alikuwa na eka 3 za mihogo na mahindi pembeni ya pori la mkonge, na nguruwe pori wakiingia usiku mmoja tu wakiwa kundi unaamka asubuhi unakuta kama trekta limepita. Kwa hiyo wenye mashamba walikuwa wanalala shambani. Mjomba alijenga dungu, miti 4 mirefu, juu kitanda cha fito na kipaa cha makuti, tunapanda kwa ngazi saa moja jioni na blanketi na debe la kupigia kelele, na shotgani yake ambayo aliimiliki kwa kibali halali na alikuwa anaitunza kuliko redio. Afisa wanyamapori wa wilaya alikuwa anajua, mnyama akiwa mharibifu unatoa taarifa, sio unajiamulia tu.

Nilikuwa na miaka 11 mara ya kwanza kulala kwenye dungu. Masharti ya mjomba yalikuwa mawili, usiongee na usijikune. La kuongea niliweza. La kujikuna, na mbu wa Pangani unaowajua wewe, lilinishinda usiku wa kwanza, la pili nikaanza kuweza, la tatu nikagundua kitu ambacho mpaka leo nikikaa mahali popote kimya nakikumbuka, kwamba ukiacha kujitingisha kabisa, kabisa yaani, baada ya kama nusu saa pori linakusahau. Kwanza wadudu waliokuwa wamenyamaza wanaanza tena. Halafu komba wanaanza kulia kwenye minazi, na komba analia kama mtoto mchanga aliyeachwa nje, ukiwa hujaambiwa unaweza ukashuka ukamtafute. Wagema wa kule wanasema komba anapanda mpaka kwenye kibuyu cha tembo la mnazi anakunywa, ndio maana mtu akilewa sana anaambiwa amelewa kama komba. Mimi nililala nikiwasikiliza.

Usiku wa tatu huo huo, mbalamwezi imetoka, nikasikia kitu kinatembea chini yetu kinatoa sauti kama mtu anatikisa mfuko wa penseli. Shka-shka-shka, kinasimama, shka-shka tena. Mjomba akainua bunduki taratibu maana alijua nguruwe wameingia. Nikachungulia kwenye upenyo wa fito. Walikuwa nungunungu, mkubwa mmoja mbele na vitoto viwili nyuma, miiba imelala mgongoni inagongana kila wakipiga hatua, weupe na weusi wa miiba unaonekana kabisa kwa mwezi. Wakafukua mhogo. Wakaanza kula pale pale chini yetu, na nungunungu akila mhogo mbichi unasikia kru, kru, kru kama mtu anatafuna barafu. Mjomba alikuwa na haki zote za kuwafukuza, mihogo ni yake, amelima kwa jembe la mkono. Nikamtazama. Ameshusha bunduki, ameiweka mapajani, anatazama tu. Walikula kama dakika 20, wakamaliza mashina mawili, wakaondoka kwa mwendo ule ule wa penseli. Ndipo akaninong'oneza, "Hawa hawana hasira na shamba. Wanakula wanashiba. Nguruwe anakula kidogo na kuharibu kingi."

Sijui kama hiyo hesabu ni sahihi kwa mkulima, nadhani mkulima mwingine angenicheka, ila hapo ndipo nilipoanza kupenda kukaa porini.

Nilipokua mjomba akaanza kunichukua kwenye uwindaji wa kanga, ule wa leseni. Hapa nataka nieleze kidogo maana najua kuna watu wakisikia uwindaji wanaona majangili moja kwa moja. Mwananchi anaruhusiwa kuwinda baadhi ya wanyama na ndege, kwa leseni, kwa idadi iliyoandikwa kwenye leseni, kwenye eneo lililoandikwa, na kwa msimu, enzi zile ulikuwa unafunguliwa tarehe 1 Julai unafungwa tarehe 31 Desemba. Nje ya hapo wanyama wanazaa na kulea, waache. Mitego ya nyaya ni kosa, sumu ni kosa, kummulika mnyama kwa tochi usiku ili umpige ni kosa, hayo yamo kwenye Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Na hifadhini huingii na bunduki hata siku moja. Hifadhi yenyewe kwetu haiko mbali, ukishuka barabara ya Mwera mpaka Mkwaja umeshaikaribia Saadani, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na sehemu yake ya kaskazini ilikuwa ranchi ya ng'ombe mpaka mwaka 2000, mbung'o waliwatesa wale ng'ombe vibaya mno. Ng'ombe wakaondoka, wanyama pori wakarudi. Na mnyama hasomi kibao cha mpaka, kwa hiyo huku kwetu nje ya mpaka unaweza kukutana na chochote.

Kanga unawafuata alfajiri. Wanalala juu ya miti, kukianza kupambazuka wanashuka wanaenda kunywa, wewe uwe umeshakaa karibu na maji mapema, giza bado. Mjomba alikuwa na kifuko kidogo cha kitambaa ndani kina majivu ya jikoni, akifika anakitikisa mara moja, majivu yanaonyesha upepo unaenda wapi, tunakaa upande ambao harufu yetu haiwafikii. Akifyatua anataja Bismillahi kwanza, kisha anakimbia na kisu, na ninaposema anakimbia naomba muelewe alikuwa mtu wa miaka 60 na ushee, lakini kanga akianguka bado yuko hai mjomba alikuwa anapaa juu ya miiba ya mkonge ili amuwahi amchinje. Hakuwahi kuondoka bila kumtafuta aliyejeruhiwa. Kuna siku tulitafuta kanga mmoja kuanzia saa moja mpaka saa tano, jua linachoma, mimi nimeshakata tamaa, yeye anasema, "Nimemuumiza mimi. Simwachii fisi deni langu." Tulimpata.

Sasa siku ya ndovu. Hiyo ilikuwa mwaka 2009, mwezi wa kumi, ukungu umeshuka chini kiasi kwamba ukinyoosha mkono vidole unavikisia. Tumekaa kwenye ukingo wa kijito, kimekauka, kimebaki dimbwi moja tu, tunasubiri kanga. Nikasikia ngurumo. Sio mbinguni, mbele yetu, ya chini chini, kama jenereta la jirani likiwa limefunikwa magunia. Nikadhani ni lori liko barabarani mbali. Mjomba hakudhani hivyo, nilimwona anatoa kile kifuko, mkono unatetemeka, na mimi mkono wa mjomba sikuwahi kuuona ukitetemeka. Akatikisa. Majivu yakaja usoni kwetu. Akafumba macho, akashusha pumzi, midomo inacheza anasoma dua.

Halafu ukungu ukawa mweusi. Siwezi kueleza vingine. Sehemu moja ya ukungu ikawa nyeusi, ikasogea, ikawa mguu. Ndovu wa kwanza alipita kama hatua 25 kutoka tulipokaa, na nikwambie ukweli, hatukusikia mguu wake ukigusa chini, mnyama wa tani kadhaa anakanyaga majani makavu kama mtu amevaa soksi, maana nyayo zake chini zina mto wa nyama laini. Ile ngurumo ilikuwa yao, wanaongea. Walikuwa watano, mmoja mdogo anashika mkia wa mama yake kwa mkonga. Walikunywa lile dimbwi likabaki tope, na sisi tumekaa, mimi mkojo umenibana, bunduki iko mapajani kwa mjomba ina risasi za marisau za kupigia ndege ambazo kwa ndovu zingekuwa kama kumrushia mchele. Upepo ungegeuka kidogo tu hii makala ingeandikwa na mtu mwingine.

Haukugeuka. Wakanywa wakaondoka kuelekea upande wa bahari, na watu wa Saadani watakwambia ndovu wa kule wanashuka mpaka mchangani baharini, watu wanasafiri kutoka mbali kuja kuona hiyo kitu, sisi ilitukuta tumekaa. Kanga hawakuja siku ile. Mjomba alikaa palepale mpaka jua likatoka ndio akasimama, magoti yamekufa ganzi, akasema neno moja, "Alhamdulillah," tukarudi nyumbani bila kuongea njia nzima.

Kuna wengine wadogo ambao ningeweza kuandika usiku kucha. Sange kwa mfano, yule mnyama wa ukubwa wa paka mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza kama mkonga, miguu myembamba, mgongo mweusi na mabega ya rangi ya kutu, unakaa kimya kwenye kivuli cha msitu anakuja anapekua majani kwa pua mpaka karibu na buti lako. Kwa miaka mingi sange aliwekwa kundi moja na wanyama wadogo wala wadudu wanaofanana naye, wataalamu walipoangalia vinasaba vyake wakakuta ndugu zake ni ndovu, nguva, pimbi na muhanga. Nguva wa baharini na sange wa msituni na ndovu, ukoo mmoja! Niliposoma hilo nilimpigia simu mjomba usiku huo huo. Alicheka sana, akasema hata yeye pua ile ilikuwa inamtia mashaka.

Lakini niliahidi bwana wa magamba.

Mwaka 2013, mwezi wa tisa. Tulikuwa watatu, mjomba, mimi, na kijana mmoja jirani wa mjomba, rika langu, hodari wa kupita kwenye miiba, simtaji jina maana ni mtu mwema na ana watoto sasa. Leseni ya mjomba ilibakiza kanga wanne. Siku ile tulienda jioni, tukakaa chini ya mkwaju mmoja mkubwa ambao pembeni yake kuna vichuguu vingi, tunasubiri kanga warudi kupanda mitini. Wakaja kweli, tunasikia kekeke-kekeke zao zinakaribia, mjomba ameshaegemeza bunduki, na mimi natazama upande wa pili kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu, kutazama upande ambao mjomba hatazami.

Akatoka mzee.

Hivyo ndivyo nilivyomuona kwanza, naapa. Mzee mfupi sana, ameinama, ametembea kwa miguu miwili, mikono ameikunja kifuani kama mtu aliyefunga swala, anakuja polepole kati ya mkonge na kichuguu. Mwili mzima ukanisisimka. Akapita kwenye mwanga wa jua la mwisho na mgongo wake ukang'aa magamba, moja juu ya jingine, kama vigae, kama ganda la nanasi lililokauka, mkia mrefu mpana ameuinua kidogo usiguse chini. Nilimgusa mjomba bega. Mjomba akageuka na hasira maana kanga walikuwa wameshafika, akamwona, na akaiweka bunduki chini kabisa kwenye majani. Kanga wakapita. Hakuna aliyewatazama.

Kakakuona hakutujali hata kidogo. Macho yake mabovu, ila pua inafanya kazi, akafika kwenye kichuguu akashuka miguu minne, akachimba kwa makucha ya mbele, udongo mgumu ule ambao sisi tunaupiga sururu unaruka kama unga, kisha akaingiza uso na tukawa tunaona koo lake linacheza. Hana meno, ulimi wake ni mrefu ajabu, unaanzia ndani kifuani karibu na mbavu za mwisho, anaramba mchwa na sisimizi. Tuko kama hatua 10. Na hapo ndipo nikaona kuna kitu juu ya mkia, kwenye shina la mkia. Kadogo. Kamejishika. Magamba yake bado yamepauka, laini laini. Mtoto. Wanazaa mmoja tu kwa mwaka, na mama anambeba hivyo mkiani anavyotafuta chakula.

Jirani yetu ndiye aliyeongea wa kwanza, kwa sauti ya chini, na hakuongea vibaya, alisema jambo ambalo watu wengi wangesema. Kwamba kuna mtu anamjua mjini ananunua. Akataja hela. Sitaitaja hapa ila ilikuwa hela ya kujenga msingi wa nyumba, na yule kijana alikuwa anakaa kwenye chumba cha udongo na mkewe mjamzito. Mjomba hakumgombeza. Alimuuliza tu, "Ukimshika atafanya nini?" Kijana akasema atajikunja. "Akishajikunja?" Kijana akanyamaza. Kwa sababu jibu kila mtu wa pori analijua. Simba anamgeuza geuza ile mpira ya magamba, anaguguna, anachoka anaondoka. Binadamu anainama anaiokota anaiweka kwenye gunia. Hiyo silaha yake iliyomtosha tangu Mungu amemuumba ndiyo inayomkabidhi kwetu, hakimbii, hang'ati, hapigi kelele, anajikunja na mtoto wake katikati anasubiri uondoke. Na wewe huondoki.

Mimi nikasema jingine, nikasema tumpeleke basi kijijini kwa wazee, maana nilishasikia mila yake. Mjomba mwenyewe ndiye aliyenihadithia utotoni, kwamba kijijini alikokulia kakakuona akionekana ilikuwa habari kubwa, anapelekwa kwa heshima, watu wanavaa nguo safi, anawekewa vitu chini, maji kwenye bakuli, mahindi, mtama, panga, kitambaa, anaachiwa atembee, alichokiendea ndicho mwaka ule utakacholeta. Akienda kwenye maji mvua njema. Akienda kwenye panga watu wanasali sana. Halafu, na hii ndiyo sehemu ambayo mjomba aliirudia siku ile kwa kunikazia macho, halafu anarudishwa pale pale alipotolewa. "Zamani walikuwa wanamrudisha," akasema. "Leo ukimfikisha kijijini watu 200 watampiga picha, mmoja kati yao atampigia mtu simu, usiku hatakuwepo. Mila ilikuwa na nusu mbili mpwa wangu, ya kumleta na ya kumrudisha. Kama huwezi ya pili usianze ya kwanza."

Kijana akauliza, sasa tunafanyaje? Mjomba akasema tunakaa.

Tukakaa. Giza likaingia, hatukuwasha tochi. Tulibaki tunamsikia tu, udongo unakwaruzwa, kimya, unakwaruzwa tena, halafu mkia unaburuzika kwenye majani makavu unaenda mbali, mbali, ukaisha. Mjomba akaokota bunduki akaifungua akatoa risasi. Akatuapisha, sio kwa msahafu, kwa mdomo tu, kwamba hatumwambii mtu, sio mke, sio rafiki, sio mtu wa pombe, sio kwenye simu. Na mimi nilikuwa nimepiga picha mbili, hazionyeshi kitu, giza na mng'ao kidogo. Nilizifuta kule kule maana picha ya simu inabeba mahali ilipopigwa ndani yake, watu hawajui hili, unaposti mnyama adimu kwa nia nzuri kabisa kumbe umemchorea jangili ramani. Zimeni lokesheni jamani. Hata kama ni picha ya nyayo.

Ndio maana nimenyamaza miaka yote hii na ndio maana sijasema ni kijiji gani na sitasema hata ukinifuata inboksi.

Miaka 3 baadaye, 2016, nchi zilikutana Johannesburg zikakubaliana aina zote 8 za kakakuona, 4 za Afrika na 4 za Asia, biashara yake ya kimataifa ipigwe marufuku. Nilifurahi siku ile kama mtu aliyesikia ndugu yake ametoka hospitali. Lakini magamba yameendelea kukamatwa bandarini kwenye makontena, kwa tani, na gamba lile ni kitu kile kile kilichotengeneza kucha yako, hakuna zaidi, lingekuwa linatibu basi tungekuwa tunajitibu kwa kucha zetu. Ninaumia sana nikifikiria tani. Maana mimi nimemuona mmoja, na mtoto wake, na najua mmoja ana uzito gani.

Yule kijana nyumba ameshajenga, kwa ufuta na bodaboda, imemchukua miaka 6. Tulipokutana mara ya mwisho aliniuliza kwa sauti ya chini kabla hata hatujamaliza salamu, "Bwana mkubwa yupo?" Nikamwambia sijui, Inshallah yupo.

Mjomba haendi kuwinda tena. Bunduki aliirudisha polisi mwenyewe kwa utaratibu, macho yana mtoto wa jicho, la kulia limefunga kabisa, la kushoto linaona mwanga na vivuli. Kanga anasema anawasikia tu asubuhi na hiyo inamtosha. Lakini ile asubuhi baada ya maongezi yetu ya barazani aliniamsha saa kumi na moja, ameshaswali, ameshavaa buti, ameshika chupa ya chai. Hakusema tunaenda wapi. Nilimshika mkono njia nzima, mimi natazama miiba yeye ananiambia pa kukunja, anajua kwa kuhesabu hatua na kwa harufu, tukafika kwenye mkwaju ule ule. Kile kifuko cha majivu bado anacho. Akakitikisa, akaniuliza yameenda wapi, nikamwambia yamekuja kwetu, akasema vizuri, kaa.

Tulikaa mpaka jua likapanda. Kanga walikuja, wengi, zaidi ya 30, walikunywa wakaondoka. Digidigi mmoja alipita. Hakuna kingine, na nilijua hakutakuwa na kingine, mnyama wa usiku yule, saa ile amelala shimoni.

Tulipoinuka nikaona kichuguu kimoja upande wa kaskazini kina tundu jipya kama la kuingia kiganja, udongo mwekundu umemwagika mbele yake, na kuanzia pale kuna alama nyembamba kwenye vumbi inayopinda kuelekea kwenye mkonge. Nikamweleza mjomba ninachokiona. Hakunijibu. Aliniachia mkono, akapiga magoti taratibu mpaka chini, akapapasa mpaka akalipata lile tundu, akaingiza vidole akafuata mikwaruzo ya makucha mmoja mmoja, akachukua udongo kidogo akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Mbichi," akasema. "Wa jana usiku."